Pua ya Musembi

Musembi hanusi tena. Miaka thelathini na moja ya amonia
imemchoma mianzi yote miwili ya pua;
akiunguza maharagwe, ni majirani wanaogonga mlango.
Ndiyo maana kazi za usiku hunichukua mimi:
nishike tochi, nipitishe spana, ninuse.

Jumamosi, saa tano usiku, Eneo la Viwanda.
Ghala la nyama nyuma ya Barabara ya Lunga Lunga
lina vali moja inayolia machozi meupe,
na gasketi yake, upana wa kitumbua,
haibadilishwi mpaka bomba liwe tupu.

"Tupu," anasema, "si neno la mdomo. Ni neno la geji."

Anafunga vali ya tangi, robo, nusu, kabisa,
kisha anaiacha kompresa inyonye, inyonye,
irudishe gesi nyumbani kwake.
Mshale unashuka kama mjamzito kwenye ngazi,
kidato kwa kidato.
Kwenye sifuri, anazima. Nanyoosha mkono kuelekea nati.
Ananichapa kiganjani.
"Ngoja."

Tunangoja. Ukungu wa Julai umelala juu ya mabati.
Na kweli, mshale unainuka tena, polepole,
kama mdeni uliyemsamehe, kumbe anarudi kukopa:
amonia iliyojificha ndani ya oili imepata joto, imeamka.
Kompresa tena. Kungoja tena.
Mara tatu.
Kufuli nyekundu kwenye swichi. Ufunguo, ndani ya soksi yake.

Simu. Ni Bwana Vinod, nyama imeanza kutoa jasho.
"Si imebaki kidogo? Fungueni tu, upepo utaichukua."
Musembi anatazama moshi wa jiko la bawabu,
jinsi unavyoinama, unavyovuka seng'enge.
"Upepo una anwani, bosi.
Usiku huu anwani yake ni Mukuru,
vyumba vya futi kumi, watoto watano kitanda kimoja,
dirisha la gunia."
Sikujua ni nani aliyekata simu kwanza.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi.
Wahenga hawakulibeba pakacha hili.

"Hii kitu inapenda maji," ananiambia,
"itayafuata popote: machoni, kwapani, kooni.
Basi mpe maji kabla hajajitafutia."
Mpira mmoja, mwisho wake chini kabisa ya pipa,
vali ikifunguka upana wa unywele.
Maji yanaguguma, yanameza,
hayarudishi hata povu.
"Yakianza kunyamaza, funga vali upesi,
la sivyo kiu itageuka, bomba litalinywa pipa."

Yananyamaza. Nafunga.
Barakoa zimekaza, miwani imejaa mvuke,
analegeza nati ya mbali kwanza, akiwa amesimama upande,
mgongo kwa upepo, uso mbali na mdomo wa bomba,
kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yenye mbwa.
Mbwa hayupo.
Kijiti cha salfa kinazunguka viungo vyote,
na moshi wake unakataa kuwa mweupe.

Gasketi ya zamani imekauka kama ngozi ya samaki.
Anaitia mfukoni; ana debe zima la hizo nyumbani,
sijawahi kumuuliza za nini.

Saa kumi na mbili asubuhi gesi imerudi kazini,
mabomba yameanza kuvaa barafu.
Tumekaa nje kwenye ngazi, barakoa magotini.

"Unanusa nini?"
"Hakuna kitu."
"Nusa vizuri."
Nanusa. Mtaro. Mkaa mbichi. Na ng'ambo ya seng'enge,
mafuta yanachemka, kuna mtu ameamka mapema.
"Mandazi," nasema.
Anafumba macho, anavuta hewa muda mrefu,
kama anayesoma barua ya lugha aliyoisahau.

"Yana iliki?"
"Yana."